Matarumbeta ya Mozart

Jumamosi ya kwanza tulipokutana kufanya mazoezi uani kwa Afande, Magomeni, mama jirani wa ng'ambo ya ukuta alivumilia kama nusu saa. Tulipotua kidogo akapaza sauti: "Jamani, harusi lini? Mbona sisi hatujaona kadi?"

Tulikuwa tunapiga Mozart, yule mtunzi wa kale wa Ulaya. Niseme ukweli: tulikuwa tunapambana naye, na yeye ndiye aliyekuwa anashinda. Lakini mama jirani hakukosea. Kwa mtu wa Dar, vyombo vya kupuliza vikilia uani jioni ya Jumamosi, ama kuna bibi harusi anatolewa, ama kuna mtu anaagwa. Matarumbeta hayalii bure. Yamekodiwa, yamelipwa nauli, na yakimaliza hapa yanaruka kwenye Noah kwenda kwingine.

Nimekuwa nikitaka kuandika habari hii muda mrefu kwa sababu nimechoka kuchekwa. Nikisema napenda muziki wa klasiki, rafiki zangu wanaona picha ileile: ukumbi wenye mapazia mazito, watu wamevaa tai nyeusi, ukikohoa unatazamwa. Nikiongeza kwamba ninachokipenda hasa ni ule wa vikundi vidogo, ambao Wazungu wenyewe wanauita muziki wa chumbani, ndiyo kabisa, kicheko kinabadilika sura. Huo wa ukumbini upo, siukatai. Ila huu ninaousema mimi, wa watu watano, sita, wanane wenye vyombo vya pumzi, haukuzaliwa ukumbini. Ulizaliwa uani, kazini, mikononi mwa watu ambao mama jirani angewatambua mara moja.

Ushahidi upo kwa maandishi ya mwenyewe. Tarehe 3 Novemba 1781 Mozart alimwandikia baba yake barua kutoka Vienna. Alikuwa na miaka 25, ameacha kazi kwa askofu mkuu wa Salzburg, anahangaika mjini kama kijana yeyote aliyeacha ajira akaja mjini kutafuta. Siku tatu kabla, tarehe 31 Oktoba, ilikuwa siku ya mtakatifu ambaye amepewa jina lake. Saa tano usiku, anasema, ndiyo kwanza anataka kuvua nguo alale, akasikia muziki chini. Watu sita walikuwa wamefunguliwa mlango wa mtaani, wakaingia wakajipanga katikati ya ua: klarineti mbili, honi mbili, basuni mbili. Wakamshtua kwa mlio mmoja mpana wa E-flati. Na wimbo wenyewe ulikuwa wake, alioutunga wiki chache nyuma.

Alikuwa ameuandika kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Teresa, tarehe 15 Oktoba, kwa heshima ya shemeji wa mchoraji wa ikulu. Hapo hapo anamwambia baba yake sababu ya kweli: katika nyumba ile alikuwa akifika kila siku bwana mmoja aitwaye Strack, mtumishi wa karibu wa mfalme, na Mozart alitaka masikio ya bwana huyo yasikie kazi yake. Ndiyo maana, anasema, ameiandika kwa uangalifu zaidi kidogo. Nani kati yetu hajawahi kufanya kazi nzuri kupita malipo yake kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kumwona?

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Usiku ule wa Teresa, anaeleza, wimbo ulipigwa sehemu tatu. Wapigaji walipomaliza nyumba moja walichukuliwa wakapelekwa nyingine na kulipwa wapige tena. Na hao sita anawaita mafukara tu, masikini wa Mungu, lakini wanaopatana vizuri wakipiga, hasa klarineti ya kwanza na zile honi mbili. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimwona kabisa baba yangu mdogo kule Machame, besi yake ya shaba begani, anatoka harusi ya kwanza kukimbilia ya pili, suruali nyeusi ina vumbi hadi magotini.

Wimbo huo leo unaitwa Serenadi K. 375. Usitishwe na K na tarakimu, ni namba ya orodha tu, kama namba ya nyimbo kwenye kitabu cha kanisani.

Turudi Magomeni. Afande si afande tena, amestaafu bendi ya jeshi miaka mingi, lakini mtaa mzima unamwita hivyo na mimi nilimwita hivyo tangu siku aliponifundisha kushika klarineti. Yeye klarineti ya kwanza, mimi ya pili. Honi hatuna. Tuna vijana wawili wa tarumbeta wa usharika wanaopiga honi za tenor, zile ndogo za brasi bendi, si ile pembe iliyojikunja kama chatu. Basuni ndiyo usiseme. Sijawahi kuishika maishani, ni bomba la mbao refu kuliko mtoto wa darasa la tatu. Pengo lake linazibwa na baritoni ya shaba na saksafoni moja kubwa ya mkopo. Mozart angetusamehe. Labda.

Noti nilizipata mtandaoni, bure, nikaenda kuzichapisha steshenari shilingi mia mbili kwa ukurasa. Nikajiona fundi. Tumeanza, ule mlio wa E-flati umetoka vizuri mpaka nikasisimka, tunaenda, tunaenda, tukafika mahali watu wote sita wamenyamaza wanahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Kila mtu anamtazama mwenzake. Kijana wa honi akaninong'oneza, "Kaka, nani anaimba hapa?" Hakuna. Kumbe nimechapisha toleo la watu nane. Mwaka 1782 Mozart aliurudia wimbo uleule akaongeza oboi mbili, vyombo vingine vya kupuliza, na alipoongeza hakuzibandika juu juu. Aliwanyang'anya klarineti baadhi ya maneno yao akawapa wageni. Bila oboi, nyimbo ina mashimo. Tulikuwa tumesimama kwa heshima kubwa tukiwasubiri watu wawili ambao hawakualikwa.

Afande alicheka hadi akakaa chini.

Sababu ya kuongeza oboi ilikuwa soko. Mwaka ule wa 1782 mfalme Josefu wa Pili aliunda kikundi chake rasmi cha vyombo vya kupuliza: oboi mbili, klarineti mbili, honi mbili, basuni mbili. Watu nane, waajiriwa wa ikulu, kazi yao kubwa kupiga wakati mfalme anakula. Mfalme akifanya jambo, mabwana wote nao wanalitaka. Schwarzenberg ana kikundi, Liechtenstein ana kikundi, asiye nacho anaonekana amefilisika. Wakawa wanapiga kwenye bustani, mezani, kwenye matembezi. Mozart alitaka kuingia humo. Ajira ya ikulu aliipata Desemba 1787, miaka sita baada ya usiku ule wa uani.

Na unadhani walipiga nini mezani? Nyimbo zinazovuma. Hakukuwa na redio wala kaseti. Opera ikitoka wiki hii, wiki ijayo mtu ameshaipanga kwa vyombo vinane, na ambaye hakupata tiketi anaisikia akipita nje ya ukuta wa bustani. Ilikuwa biashara ya kukimbizana. Tarehe 20 Julai 1782, siku nne tu tangu opera yake ya kutoroshwa kwa wasichana kutoka jumba la pasha, bwana wa Kituruki, ianze kuonyeshwa, Mozart anamwandikia baba yake kwamba lazima aipange kwa vyombo vya kupuliza haraka, la sivyo mwingine atamtangulia na kula faida yake. Haki miliki ilikuwa miguu yako. Miaka mitano baadaye, katika opera yake Don Giovanni, aliwaweka wapigaji hao jukwaani kabisa: bwana mkubwa anakula, bendi ndogo inamburudisha kwa vipande vya opera zilizokuwa zinatamba, cha mwisho kikiwa cha Mozart mwenyewe kutoka Figaro. Mtumishi Leporello anakisikia na kulalamika kwamba huu anaujua, tena kupita kiasi. Ni utani wa mtu aliyechoka kusikia wimbo wake kila kona.

Lakini nisiufanye muziki huu uwe wa utani mtupu. Kuna kitu kinatokea ndani yake ambacho sijakisikia kwingine, na ni kitu cha mwili.

Mpiga fidla akitaka noti ndefu anavuta upinde, ukifika mwisho anaurudisha. Sisi tukifika mwisho tunakufa kidogo. Kila sentensi ya muziki wa kupuliza ina urefu wa pafu la mtu. Mtunzi asiyelijua hilo anaandika mistari inayoua watu; Mozart alilijua, na ukimpiga unaona ametupangia vituo vya kuvutia hewa kama dereva mwema anayejua abiria wake wana mahitaji. Hata hivyo vyombo havifanani. Filimbi inamaliza hewa kama tairi lililotobolewa, maana nusu ya pumzi inapita juu ya tundu na kupotea. Oboi ni kinyume chake. Ina ulimi wa mwanzi wa pande mbili zinazogongana mdomoni, ni binamu wa zumari ya pwani yetu, na mwanya wake ni mdogo mno. Mpiga oboi haishiwi hewa. Hewa inamchachia ndani. Akimaliza mstari lazima kwanza aitoe ile ya zamani, ndipo avute mpya. Ukimwona usoni anabadilika rangi, usimwonee huruma kwa kukosa pumzi. Anayo nyingi mno.

Kwa hiyo ukisikiliza serenadi kubwa ya Mozart, ile ya watu 13 inayoitwa Gran Partita, sikiliza sehemu ya tatu, ya polepole. Chini wenzake wanasukuma mdundo kama mashine ya cherehani iliyokanyagwa kwa upole. Juu oboi inaingia na noti moja, imesimama, haisogei. Inakaa. Unaanza kujiuliza anaitoa wapi. Halafu, kabla haijaisha, klarineti inaupokea mstari kutoka kwake kama mtu anavyompokea mwenzake ndoo kichwani, bila tone kumwagika. Sehemu za kazi hiyo zilisikika hadharani Vienna tarehe 23 Machi 1784, katika onyesho la Anton Stadler, mpiga klarineti wa mfalme. Ni Stadler huyohuyo aliyeandikiwa baadaye konseto ya klarineti, yaani kazi ya klarineti moja mbele ya okestra nzima, na ambaye Mozart alipokufa alikutwa anadaiwa gulden 500 zisizolipika. Wapiga klarineti tuna historia.

Hakuna kondakta, wa fimbo wala wa daladala. Nani anaanzisha? Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nakodolea mkono wa Afande nikisubiri ishara. Siku moja akasimamisha kila kitu.

"Wewe, unatazama nini?"

"Nasubiri unihesabie, Afande."

"Mikono yangu ina kazi. Sikiliza pua yangu."

Basi ndiyo siri yote. Klarineti ya kwanza anavuta hewa kwa pua, na mvuto ule wenyewe umebeba mwendo: ukiwa mfupi na mkali, wimbo unakwenda mbio, ukiwa mrefu, tulia. Watu sita wakivuta pamoja mlio unatoka mmoja. Ukiwahi au kuchelewa unasikika peke yako, uchi, mbele za watu. Ukisikiliza rekodi nzuri kwa vipokea sauti utaisikia ile pumzi kabla ya noti ya kwanza. Mafundi wengine wa studio wanaifuta. Ningekuwa na uwezo ningewanyima mshahara.

Klarineti ya Afande ni ya mbao, nyeusi ya kuzama, na siku za kwanza hakuniruhusu hata kuigusa. Yangu ni ya plastiki, mtumba. Sikuwa nalitafakari jambo hilo mpaka aliponiuliza kama najua ni mti gani ule. Nikasema eboni, maana ndivyo nilivyosoma.

"Eboni nini? Huu mpingo. Mti wa kwetu Lindi. Umekwenda Ulaya, umerudi na bei."

Ni kweli, na nikiifikiria hunichoma kidogo. Wapigaji wa Mozart walitumia klarineti za mbao ya manjano ya miti ya Ulaya, zenye vitufe vitano au sita hivi. Karne ya 19 vitufe viliongezeka mpaka ile ya kawaida ya leo ikafika 17, na mafundi wakahitaji mbao ambayo haitapinda wala kupasuka ikitobolewa mashimo hayo yote na kubeba vyuma hivyo vyote, tena ikilowanishwa kwa mate kila siku. Wakaupata mpingo. Ni mzito hata kwenye maji unazama. Hukua taratibu mno, miaka 70 au zaidi mpaka uwe wa kuvunwa, na mara nyingi shina limejipinda au lina uwazi ndani, kwa hiyo sehemu ndogo tu ya gogo ndiyo inayofaa kwa ala. Klarineti na oboi nzuri utakazozisikia Vienna usiku wa leo, kwa sehemu kubwa zimetoka kwenye misitu ya kusini mwetu na ya Msumbiji. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha uvunaji unaotunza msitu, ili gogo liuzwe likijulikana limetoka wapi na wanakijiji wapate chao. Na mimi, mzaliwa wa nchi ya mpingo, napuliza plastiki.

Vita vya Napoleon na uhaba wa fedha vilipowapukutisha mabwana wa Vienna, vikundi vyao navyo vikapukutika. Muziki ukahamia Paris, kwa Anton Reicha, mzaliwa wa Prague aliyekuwa rafiki wa Beethoven tangu ujana wao kwenye okestra ya Bonn. Yeye alichagua vyombo vitano tofauti, filimbi, oboi, klarineti, honi na basuni, akavitungia kazi 24. Sitakudanganya: ukisikiliza tatu mfululizo unapata usingizi. Lakini ule mpangilio wa watu watano aliouzoesha watu ndio unaotumika mpaka leo.

Mrithi wake ninayempenda ni Carl Nielsen wa Denmark. Alianza kazi akiwa na miaka 14 katika bendi ya jeshi mjini Odense, akipuliza baragumu na tromboni. Nilipomwambia Afande habari hizi alinyoosha mgongo kana kwamba amepandishwa cheo. Mwaka 1921 Nielsen alimpigia simu rafiki yake mpiga piano, na nyuma ya sauti ya rafiki akasikia wapuliza vyombo wa Copenhagen wakifanya mazoezi ya Mozart. Mwaka uliofuata akawatungia kwinteti, yaani kazi ya watu watano, kila chombo kikiwa na tabia ya mwenye kukipiga. Inamalizika kwa wimbo wa kanisa aliouandika mwenyewe, ambao unabadilishwa sura mara kumi na moja. Mtu yeyote aliyekulia kwenye kwaya ya kanisa ataukamata mara moja. Aliahidi pia kumtungia kila mmoja wao konseto. Akamaliza ya filimbi na ya klarineti, akafa mwaka 1931.

Na kama unadhani Kiswahili hakina nafasi huku, kuna kikundi cha New York kilichoundwa mwaka 1997 na mpiga filimbi Valerie Coleman, wote weusi na Walatino, wakajiita Imani Winds. Imani, hii hii yetu. Wimbo wake Coleman unaojulikana zaidi unaitwa Umoja, jina la siku ya kwanza ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi. Uanze na huo kama Mozart anakutisha. Honi inaanza na wimbo mwepesi wa kuimbika, wengine wanaupokea, halafu unaingia ugomvi, kisha wanarudi. Nimeupiga kwenye simu yangu mbele ya watu wasiopenda klasiki hata kidogo, na hakuna aliyeniambia nizime.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na noti sahihi, za watu sita. Mashimo yakazibika. Sehemu ya tatu, ya polepole, tuliipiga karibu yote bila kusimama, ingawa kijana mmoja wa honi ilimbidi atue katikati kumwaga maji kwenye bomba, na baritoni ilikuwa inaburuta kama jongoo. Tulipomaliza kulikuwa kimya. Kisha tukasikia geti.

Alikuwa mama jirani, kajifunga khanga, simu mkononi.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu. Tumekusumbua?"

"Aa, hapana. Huo wa mwisho, huo wa taratibu. Binti yangu ana sendofu tarehe ishirini na sita. Nilikuwa natafuta kitu kama hicho, watu wakiwa wanakula. Sitaki spika kubwa, wazee hawasikilizani."

Afande aliweka klarineti yake kwenye kitambaa, pole pole, akafuta mdomo. Wakazungumza bei pembeni; mimi nilisikia tu "elfu themanini" na "na nauli ya vijana". Akarudi, akatutazama mmoja mmoja.

"Tumepata kazi. Ila nimemwambia, sisi tunakula baadaye. Mtu aliyeshiba pilau hapulizi honi." Akakaa, akalamba ulimi wa klarineti. "Haya. Tangu mwanzo."

Akavuta pumzi kwa pua.